Jinsi ya Kutumia Kuponi za Punguzo za Meli za Kitalii Unapoweka Nafasi Kupitia Wakala wa Safari

Kuponi ya punguzo ya kampuni ya meli za kitalii hutolewa kwa jina la msafiri, lakini msafiri huyo akiweka nafasi kupitia wakala, mtu anayeiingiza katika mfumo wa kampuni ni wakala. Matatizo mengi huanzia hapo. Nafasi iliyowekwa na wakala huhesabiwa kuwa iko chini ya wakala huyo, na msafiri anayepiga simu mwenyewe katika ofisi za kampuni ili aongezewe kuponi aliyoisahau kwa kawaida huelekezwa kurudi kwa wakala wake. Wakala naye, ikiwa malipo ya awali yamekwisha kupokelewa kwa bei fulani, huenda asiweze tena kuigusa bei ile bila kufuta kila kitu na kuanza upya.

Maelezo yanayofuata yanahusu soko la Marekani, ambako safari hizi huuzwa kwa wingi, na yatamfaa hasa msomaji anayeishi huko na kupanda meli za Carnival, Royal Caribbean, Norwegian, Celebrity, Princess au Holland America katika bandari kama Miami, Port Canaveral, Galveston na Seattle. Kuponi ina manufaa, lakini si kila mara, na njia pekee ya kujua ni kuiwasilisha mapema na kulinganisha jumla ya gharama, wala si ukubwa wa asilimia iliyochapishwa juu yake.

Hatua ya kwanza: tambua ulichonacho ni kitu gani

Watu huita kila karatasi au barua pepe yenye neno punguzo kuwa ni kuponi, ilhali kampuni za meli huzitofautisha, na kila aina ina mlango wake.

Aina iliyo rahisi zaidi ni namba ya ofa inayopunguza nauli au kukupa salio la matumizi melini, yaani fedha zinazowekwa katika hesabu yako ndani ya meli ili ulipie vinywaji, matembezi ya bandarini, intaneti na bahashishi. Namba hizi huwa za aina mbili: nyingine zimefunguliwa kwa wanunuzi wote, na nyingine ni za wanaonunua moja kwa moja kwa kampuni. Hizi za pili wakala hawezi kuzitumia hata akitaka, na ni afadhali kulijua jambo hilo kabla hujamlaumu.

Ya pili ni punguzo la wasafiri wa mara kwa mara. Royal Caribbean ina chama chake kiitwacho Crown & Anchor Society, Norwegian ina Latitudes, Celebrity ina Captain's Club, Princess ina Captain's Circle na Holland America ina Mariner Society. Wanachama wa Crown & Anchor waliofikia daraja fulani, kwa mfano, hupata punguzo katika vyumba vyenye roshani, na punguzo hilo hukua kadiri daraja linavyopanda. Punguzo la namna hii haliko katika karatasi bali katika namba ya uanachama, kwa hiyo wakala asiyepewa namba hiyo hataliona.

Hapa wasomaji wa Afrika Mashariki wanahitaji uangalifu wa ziada. Wengi wetu tuna majina matatu, na si ajabu jina la ukoo katika pasipoti likawa tofauti na lile tulilojiandikishia katika tovuti ya kampuni miaka iliyopita. Mfumo ukikuta jina au tarehe ya kuzaliwa isiyolingana, unaweza kukuhesabu kuwa msafiri mpya na kukupa namba mpya isiyo na haki yoyote. Mpe wakala namba ya uanachama, jina kama lilivyo katika pasipoti, na jina kama lilivyo katika uanachama. Ikiwa yanatofautiana, iombe kampuni isahihishe uanachama kwanza, ndipo nafasi iwekwe.

Ya tatu ni cheti au amana ya safari ijayo iliyonunuliwa ukiwa ndani ya meli, kama CruiseNext ya Norwegian au amana ya safari ya baadaye ya Princess. Hicho si zawadi, kwa kuwa umekwisha kukilipia, na kina tarehe ya mwisho. Habari njema ni kwamba cheti cha aina hii kwa kawaida hutumika kupitia wakala bila taabu, na hata anayeweka nafasi ya safari ijayo katika dawati lililomo melini anaweza kumtaja wakala wake hapohapo ili nafasi ihamishiwe kwake. Usiondoke katika dawati hilo bila kumtaja kama unataka aendelee kukuhudumia.

Ya nne ni salio la safari iliyofutwa. Wasafiri wengi walilijua mwaka 2020, wakati meli zilipositisha safari kwa sababu ya Uviko-19 na kampuni kama Royal Caribbean na Norwegian zikatoa salio la asilimia 125 ya fedha zilizokuwa zimelipwa kwa waliokubali kutochukua fedha taslimu. Salio la namna hii hufungwa kwa jina la mtu mmoja mmoja, hata kama mliolipa ni mume na mke kwa kadi moja, na lina masharti yake kuhusu kile linachoweza kulipia. Usidhani kwamba salio la mmoja litamlipia mwenzake.

Ya tano wengi hawaijui: manufaa ya wenye hisa. Mtu anayemiliki hisa zisizopungua 100 za Carnival Corporation, kampuni mama ya Carnival, Princess, Holland America, Cunard na nyinginezo, anaweza kuomba salio la matumizi melini la dola 50 kwa safari ya siku 6 au pungufu, dola 100 kwa safari ya siku 7 hadi 13, na dola 250 kwa safari ya siku 14 au zaidi. Royal Caribbean Group na Norwegian nazo zina utaratibu unaokaribiana na huo kwa wenye hisa 100. Manufaa haya huombwa baada ya nafasi kuwekwa na wiki kadhaa kabla ya kuondoka, kwa kutuma ushahidi wa umiliki wa hisa pamoja na namba ya nafasi, na kuwa na wakala hakukuzuii kuyapata. Hata hivyo, kununua hisa 100 kwa ajili ya dola 50 si hesabu ninayoweza kumshauri mtu; ni jambo la yule ambaye tayari anazo.

Ofa za kasino na vijitabu vya kuponi vinavyotolewa baada ya kupanda meli havimhusu wakala kwa kiasi kikubwa. Za kasino husimamiwa na idara yake ndani ya kampuni, na vijitabu hutumika katika baa, maduka na sehemu za mapumziko zilizomo melini.

Hatua ya pili: soma masharti kwa kalamu mkononi

Matangazo ya redio ya nyumbani huishia kwa sauti ya haraka isemayo vigezo na masharti kuzingatiwa, na wengi tumezoea kuyapuuza maneno hayo. Katika kuponi ya meli ndiyo yenye uzito kuliko tarakimu kubwa iliyo juu. Tafuta tarehe mbili, wala si moja: siku ya mwisho ya kuweka nafasi, na kipindi ambacho meli yenyewe lazima iwe imeondoka. Kuponi inaweza kuwa hai leo na bado isifae kwa safari ya Desemba, kwa sababu kampuni huziacha nje siku za sikukuu na likizo za shule ambazo meli hujaa bila msaada wa punguzo lolote.

Kisha angalia kama punguzo ni la chumba au la kila mtu. Bei za meli hupangwa kwa watu wawili katika chumba, na abiria wa tatu na wa nne hulipa nauli yao tofauti ambayo mara nyingi ni ya chini. Kuponi nyingi huwahusu wawili wa kwanza tu. Familia ya watu watano inayogawanyika katika vyumba viwili iulize pia kama kuponi moja inaweza kutumika katika vyumba vyote viwili. Angalia aina ya chumba, idadi ya chini ya siku, na sentensi inayosema ofa haiunganishwi na ofa nyingine. Sentensi hiyo ndiyo huua kuponi nyingi, kwa kuwa wakala mzuri mara nyingi ana nauli ya kikundi, yaani vyumba alivyovishika mapema kwa bei maalumu, na nauli ya kikundi na kuponi kwa kawaida havikai pamoja.

Hatua ya tatu: mpe wakala kuponi kabla ya kuuliza bei

Mtumie picha au nakala ya ofa nzima, pande zote mbili kama ni karatasi, au barua pepe yenyewe ikiwa ilikuja kwa njia hiyo. Usimtumie namba peke yake. Taja meli, tarehe, aina ya chumba, idadi na umri wa wasafiri, jimbo unaloishi, na kama kuna mwenye umri wa miaka 55 au zaidi au aliyetumikia jeshi la Marekani, kwa sababu baadhi ya kampuni zina nauli za makundi hayo ambazo zinaweza kuishinda kuponi yako. Muulize wazi mambo matatu: je, ofa hii inakubaliwa katika nafasi zinazowekwa na mawakala, je, inakubaliana na nauli unayotaka kunipa, na je, unaweza kushika chumba kwa muda bila malipo wakati unathibitisha na kampuni? Kushikiwa chumba kwa siku moja au zaidi ni jambo la kawaida, ingawa safari zilizo karibu au zenye bei maalumu huenda zisiruhusu.

Ukinunua katika tovuti ya wakala mkubwa wa mtandaoni, usibonyeze kitufe cha kulipa ukitumaini kwamba kuponi itaongezwa baadaye. Fomu nyingi za tovuti hizo hazina mahali pa kuweka ofa ya kampuni ya meli. Piga simu.

Inafaa kufahamu wakala anaishi kwa nini. Kampuni humlipa kamisheni inayoanzia kiasi cha asilimia 10 ya nauli na kupanda kulingana na mauzo yake, lakini kodi, gharama za bandari na sehemu fulani ya nauli yenyewe haziingizwi katika hesabu ya kamisheni. Kuponi inapopunguza nauli, hupunguza na riziki yake. Sisemi kwamba wakala ataificha. Nasema hana sababu ya kukukumbusha, na ndiyo maana jukumu la kuitaja ni lako. Kwa upande mwingine, kampuni kubwa huwazuia mawakala kutangaza bei iliyo chini ya bei ya kampuni, hivyo wakala anayetaka kukuvutia hukupa kitu kingine kutoka mfukoni mwake: salio la matumizi melini, bahashishi zilizolipwa, au kifurushi cha vinywaji. Kitu hicho hakikuandikwa katika kuponi yoyote, na mara nyingi hupatikana kwa kuuliza tu.

Hatua ya nne: omba bei mbili kwa maandishi

Omba bei ya kwanza ikiwa na kuponi, na ya pili ikiwa bila kuponi lakini pamoja na kila kitu ambacho wakala anaweza kukupa. Kila moja ioneshe nauli peke yake, kodi na gharama za bandari peke yake, bahashishi peke yake, na salio la melini.

Mgawanyo huo una sababu. Tangu tarehe 1 Julai 2024, sheria ya California inawataka wauzaji kutangaza bei iliyokwisha kujumuisha ada za lazima, na kampuni kubwa za meli ziliamua kuonesha bei hiyo iliyojumuishwa kwa wateja wa Marekani nzima. Ni jambo jema, lakini limezaa kosa jipya: msafiri huchukua asilimia ya kuponi na kuikokotoa juu ya jumla, ilhali punguzo huikata nauli tu.

Chukua mfano wa hesabu. Watu wawili wanasafiri siku 7. Nauli ni dola 900 kwa kila mmoja, na kodi na gharama za bandari ni dola 180 kwa kila mmoja, hivyo jumla ni dola 2,160. Kuponi ya asilimia 10 haikati dola 216, bali dola 180, na mnabaki na dola 1,980. Wakala kwa upande wake ana nauli ya kikundi ya dola 850 kwa kila mtu, isiyopokea kuponi, na anaongeza salio la matumizi melini la dola 150. Hapo mtalipa dola 2,060 kabla ya safari, na kwa macho kuponi imeshinda kwa dola 80. Lakini bahashishi za kila siku mtazilipa katika njia zote mbili. Zikiwa dola 18 kwa mtu kwa siku, ni dola 252 kwa chumba, na salio lile la 150 linaingia humo moja kwa moja. Gharama halisi kwa njia ya kikundi, ukiliondoa salio hilo na kuziacha kando bahashishi zote kwa kuwa ni sawa katika njia zote mbili, ni dola 1,910, nayo ni pungufu ya ile ya kuponi kwa dola 70. Salio la melini lina thamani kamili kwa yule atakayelitumia kwa kitu ambacho angekilipia vyovyote vile. Kwa yule atakayelitafutia matumizi dukani usiku wa mwisho, thamani yake ni ndogo.

Linganisha pia masharti ya malipo ya awali. Baadhi ya ofa hukufunga katika nauli ambayo malipo yake ya awali hayarejeshwi. Kwa msafiri mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo ambaye bado hajahakikisha visa za nchi zilizo njiani na haki yake ya kuingia tena Marekani, tofauti ya dola 70 ni ndogo mno ikilinganishwa na hatari ya kupoteza malipo hayo.

Hatua ya tano: lipa, kisha kagua ankara ya kampuni

Lipa kwa kadi, na hakikisha kwamba jina linalotokea katika taarifa ya kadi ni la kampuni ya meli, isipokuwa ada ndogo ya huduma ya wakala ikiwa ipo na mlikubaliana. Florida, California, Washington na Hawaii zinawataka wauzaji wa safari wajisajili kwa mamlaka za jimbo, na usajili huo unaweza kuukagua mtandaoni kabla ya kutoa hata senti.

Usiridhike na ujumbe wa wakala unaosema kila kitu kiko sawa. Omba ankara iliyotolewa na mfumo wa kampuni ya meli, kisha tafuta ndani yake jina au namba ya ofa, namba ya uanachama, kiasi cha punguzo, salio la melini, tarehe ya malipo ya mwisho na aina ya malipo ya awali. Kile ambacho wakala anakupa mwenyewe huenda kisionekane katika ankara hiyo, basi kipate kwa barua pepe yenye tarehe. Ukaguzi huu ufanye siku hiyohiyo. Kosa la siku ya kwanza hurekebishwa kwa simu moja, lakini lililogunduliwa baada ya miezi mitatu huhitaji kubembeleza.

Ikiwa tayari umeweka nafasi moja kwa moja kwa kampuni ili kuitumia kuponi isiyokubali mawakala, bado kuna uwezekano wa kuihamishia nafasi hiyo kwa wakala baadaye. Kampuni huweka kikomo cha siku tangu nafasi ilipowekwa, na nyingi hukataa ikiwa safari imekwisha kulipwa yote. Muulize wakala kikomo hicho kabla ya kununua, na uulize kama ofa itabaki baada ya kuhamishwa.

Hatua ya sita: fuatilia bei hadi malipo ya mwisho

Malipo ya mwisho hudaiwa kati ya siku 75 na 120 kabla ya kuondoka, kutegemea kampuni na urefu wa safari. Norwegian, kwa mfano, hudai siku 120 kabla. Kabla ya tarehe hiyo, bei ikishuka, wakala anaweza kuomba nafasi yako ihesabiwe upya. Jihadhari: kuhesabu upya huweka nauli ya leo pamoja na masharti ya leo, na kuponi iliyokwisha muda wake inaweza kutoweka pamoja na salio lililokuja nayo. Mwombe akupe jumla mpya kwa maandishi kabla hajathibitisha, kwa sababu akishathibitisha, bei ya zamani hairudi. Ikiwa utafuta safari, uliza mapema kama cheti ulichokitumia kitarejeshwa kwa tarehe yake ya zamani au kitapotea, na kama wakala ana ada yake ya kufuta.

Neno kuhusu kuponi zisizo za kweli

Kampuni ya meli haikupigii simu ya mashine kukuambia umeshinda safari. Mwezi Machi 2015, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani pamoja na majimbo 10 ilitangaza hatua dhidi ya Caribbean Cruise Line na washirika wake kwa simu za kujirekodi zilizojifanya kura za maoni ya kisiasa na kumalizikia kwa ahadi ya safari ya bure ya Bahamas. Cheti kinachokutaka ulipe kodi ya bandari kwanza ndipo uchague tarehe, au kinachokuita kwenye kikao cha mauzo, kisipelekwe kwa wakala. Hana namna ya kukitumia. Kuponi ya kweli huweza kuthibitishwa kwa kuipigia kampuni kwa namba iliyo katika tovuti yake rasmi, si ile iliyochapishwa katika kuponi.

Hatua ya saba: siku ya kwanza melini

Chukua nakala ya ankara na barua pepe ya wakala, katika karatasi au katika simu, lakini zihifadhi kabla ya kuondoka bandarini kwa sababu intaneti ya melini hulipiwa. Ukishaingia chumbani, fungua hesabu yako katika programu ya kampuni na uangalie kama salio lote limeingia: la kuponi, la wakala na la hisa huonekana kwa mistari tofauti. Likikosekana, nenda dawati la huduma kwa wageni mapema, na umwandikie wakala siku hiyohiyo. Uliza hapo pia ni salio gani linarejeshwa na lipi halirejeshwi, kwa kuwa lisilorejeshwa hufutika meli inapomaliza safari. Litumie kwanza kwa bahashishi na matembezi, na uache lile linalorejeshwa liwe la mwisho.